Maji ya Moto ya Kumbatizia Mdogo Wangu

Leo nimewasha gesi hapa kwa shangazi, Mbinga mjini, nichemshe chai. Jambo dogo tu. Lakini ile harufu inayotangulia kabla moto haujashika ilinirudisha nyumbani, kijijini Mbuji, nikajikuta nimekaa chini na kiberiti mkononi. Nakuandikia wewe rafiki yangu, maana kwa mdomo sitaweza.

Nilikuwa darasa la nne. Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu kabla ya wakati, mdogo kama paka mchanga. Hospitali walipomruhusu walisisitiza kitu kimoja: asipate baridi. Baba mdogo akatuletea jiko la gesi. Maji ya moto tuliyatia kwenye chupa za plastiki, tukazifunga kwa kitenge, tukamlaza mtoto katikati yake.

Ikaja mvua ya upepo, ikang'oa bati la jikoni. Asubuhi tulikuta jiko la gesi limejaa maji, kuni zimelowa zote, na mto umefunika daraja, hata kwa jirani kuomba moto haiwezekani. Chupa zilishapoa. Midomo ya mtoto ilianza kubadilika rangi.

Baba mdogo akalipindua jiko, maji yakamwagika. Akawasha kiberiti. Kimya. Akautikisa mtungi, gesi imo. Akaufunga. Bibi, mama yake, akauchomoa mpira wa jiko, akaunyonya, akatema maji.

"Mama, hiyo ni gesi, siyo pombe ya ulanzi!"

"Wewe leta kiberiti."

Chumbani mama akaita, "Mama, mbatize tu. Mbatize kabla hajaondoka." Kwetu padri akiwa mbali, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza anayekufa, na bibi alishawahi. Nikakimbia kuchota maji kwenye ndoo. Bibi akachovya kidole, akanirudishia kikombe.

"Haya yatammaliza. Mimi simmwagii mtoto huyu maji ya baridi. Niwashieni jiko."

Wote tulijua anachelewesha. Akishambatiza, ni kama tumekubali kwamba anaondoka.

Baba mdogo alifungua vile vichwa vya jiko huku machozi yanamtoka. Mimi nilivikausha kwa sketi yangu ya shule, tundu kwa tundu. Kale katundu gesi inakotokea alikazibua kwa uzi wa waya aliochomoa kwenye wavu wa kuanikia kahawa. Akapuliza. Nikawasha. Fuu! Moto wa njano, ukafa. "Tena," bibi akasema. Ukafa. "Tena." Kiberiti kilikuwa kinazidi kuwa chepesi mkononi. Mwishowe upande mmoja ukashika, moto wa bluu unaotema tema maji. Hakuna aliyeshangilia.

Bibi alijaza chupa kwanza. Yaliyobaki akayapoza, akayajaribu kwa kiwiko kama anataka kumwogesha, akammwagia, maneno akiyasema haraka haraka. Mtoto akakunja uso, akalia. Mama akacheka. Sijamsikia tena akicheka vile.

Tulikaa naye mpaka kahawa shambani zilipoanza kuwa nyekundu, akatutoka. Bibi naye hayupo siku hizi. Lile jengo la jiko la bati moja lilibomolewa, tumejenga la matofali, na mtoni kuna daraja la zege. Nyumbani hakuna anayemtaja, picha yake hatuna, na siku nyingine naogopa labda nilimwota. Lakini kichwa chake nilikishika mimi, kwa mikono miwili, bibi alipokuwa anamwaga. Kwenye nywele zake kulikuwa kunatoka mvuke.