Vifuniko Saba vya Fundi Kichwa

Walimwita Fundi Kichwa, na si kwa sababu kichwa chake kilikuwa kikubwa. Alikuwa akifungua injini ya lori mpaka nati ya mwisho, anatandaza vyuma vyote kwa mpangilio wake juu ya magunia uani kwake, na hatii alama hata moja. Mafundi wenzake hugonga nukta kwa tindo ili wajue kipi kilitoka wapi. Yeye aliwacheka. "Anayeandika," alikuwa akisema, "ameshajiandaa kusahau." Kwa miaka ishirini na sita kila chuma kilirudi mahali pake. Akamshukuru Mungu kwa kipaji hicho, ingawa, kusema kweli, sehemu ya shukrani alijipa mwenyewe.

Lori lililokuwa uani safari hii lilikuwa la shemeji yake, mdogo wa mkewe. Lilikuwa lori kuukuu la kubebea mchanga, na injini yake ni ya aina ambayo siku hizi huipati hata kwa wauza vyuma chakavu. Shemeji hakuwa na kazi nyingine, na mama mkwe alikula kwa lori hilohilo.

Alhamisi asubuhi mbingu ilikuwa nyeupe, haina dalili ya mvua. Kichwa akaenda kuchukua shafti ya injini kwa mchonga vyuma. Huku nyuma mvua ikaja bila hodi. Mkewe alikuwa anafua. Alipoona magunia yanalowa, aliziacha nguo na povu lake, akaanza kubeba vyuma ndani, viwili viwili, kwenye pindo la nguo yake. Na kwa vile hapendi uchafu, akaviosha vyote kwa dizeli, akavipangusa, akavipanga kwenye beseni juu ya meza. Vilikuwa vinang'aa kama sahani za wageni.

Kichwa aliporudi alimkuta mlangoni anatabasamu.

"Pole na mvua, baba watoto. Vyuma vyako nimeviokoa vyote."

Akatazama beseni. Akatazama magunia matupu. "Ahsante, mama watoto," akasema.

Shida ilikuwa vifuniko saba. Kila kimoja ni kama nusu ya bangili nene ya chuma, na ndivyo vinavyoishika shafti isitoke kwenye injini. Kila kifuniko kilichongwa pamoja na kiti chake, yaani pale kinapokaa kwenye injini, kama mtu na nduguye wa tumbo moja. Ukikikalisha kwenye kiti cha mwenzake, shafti inabanwa, na injini ikipata moto inakamata, inasimama ghafla. Vitatu vilikuwa na maumbo yao, hata kipofu angevijua. Vinne vilifanana kama punje za mahindi.

Jioni ile hakula vizuri. Mkewe alimtazama, na yeye si mtu wa kudanganywa na "nimeshiba".

"Nimekuharibia nini?"

"Hujaharibu. Mimi ndiye sikutia alama."

Asubuhi mkewe akavitoa vile vifuniko vinne kwenye beseni, bado vimekaa alivyovipanga, akavitandaza uani juu ya gunia, akainama kama siku ile ya mvua. "Ngoja nikumbuke," akasema. "Nilitokea huku kwenye kamba ya nguo. Nikachukua hiki cha karibu na ukuta, na hiki cha pembeni yake. Nikaingia, nikaviweka kwenye beseni, hiki kulia, hiki kushoto." Alikuwa anatembea kwelikweli, pindo limejaa, na Kichwa nyuma yake, hata kupumua anaogopa. "Nikarudi. Nikavichukua hivi viwili. Nikafika hapa mlangoni." Akasimama. "Hapa jirani akaniita, anauliza kama nguo zake nazo zinalowa. Nikaviweka chini. Nikaenda kumwanulia."

"Uliviweka vipi?"

Mkewe akainama, akagusa sakafu pale mlangoni. "Sijui, baba watoto. Niliviweka tu."

Basi viwili vikajulikana na viwili vikabaki. Kichwa akailaza shafti kwenye viti vyake, akafunga vifuniko vyote, akaizungusha kwa mkono. Ikazunguka. Akavibadilisha vile viwili, akafunga tena, akazungusha. Ikazunguka. Akafumba macho, akazungusha kwa vidole vitatu kama anayempima mgonjwa mapigo. Akatafuta mikwaruzo ya zamani, akatafuta doa la oili lililogawanyika, nusu kwenye kifuniko, nusu kwenye kiti, lakini dizeli ya mkewe haikuacha doa. Siku nzima ya Ijumaa ikaisha hivyo. Vidole vyake, vilivyompa sifa miaka yote, vilisema ndiyo huku na ndiyo kule. Chuma kikiwa baridi hukubali kila kitu.

Jumamosi shemeji akaja, anapiga mluzi toka barabarani.

"Shemeji, mgonjwa wangu anaendeleaje? Au mmeshaanza kugawana urithi?"

"Kaa kwanza."

"Ukiniambia nikae najua kuna msiba. Nitasimama."

Kichwa akamweleza. Hakumtaja mkewe, alisema tu mvua ilikuja na yeye hakutia alama. Lakini mkewe alikuwa dirishani.

"Ni mimi niliyevichanganya, mdogo wangu. Usimlaumu."

Shemeji akamtazama dada yake. Kisha akajaribu kucheka. "Viwili tu? Funga tu, shemeji. Mungu mwema, mara hii atatuchagulia."

"Tusimjaribu Mungu," dada yake akasema taratibu.

"Kule machimboni kuna mteremko," Kichwa akasema. "Umebeba mchanga, umo katikati yake, injini ikakamata. Nitakuja kumwambia nini mama yako?"

"Basi injini ipelekwe kwa mchonga vyuma, viti vyote vichongwe upya."

"Vilishachongwa mara moja. Mchonga aliniambia Alhamisi, chuma kilichobaki ni kama ganda la yai. Anaweza kukataa. Anaweza kukubali na kikapasuka mikononi mwake."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui, shemeji. Nakwambia ukweli wangu, sijui."

Shemeji akakaa sasa, juu ya gurudumu kuukuu. Hakuna aliyemwambia akae. Dada yake akaleta maji ya kunywa, na hakuna aliyeyagusa.

Mwisho Kichwa akainuka. "Sitaifunga," akasema. "Nikifunga kwa kubahatisha nitakuwa nimekudanganya. Ikapimwe kwa mchonga vyuma. Wakisema haifai, haifai." Shemeji akatoka kutafuta mkokoteni.

Akaenda kwa fundi jirani kuazima tindo. Yake hakuwahi kuwa nayo. Jirani alifungua mdomo amtanie, akamwona uso, akaufunga. Kichwa akapiga magoti uani, mkewe akamshikia, akagonga nukta kwenye kifuniko cha kwanza na kwenye kiti chake. Ilikuwa imekaa upande. Mkono haukuzoea. Akagonga vitano, kimoja baada ya kingine.

"Na hivi viwili?" mkewe akauliza.

"Hivyo sina cha kuandika."

Mkewe akachukua kitambaa safi, akavifunga pamoja, akavipakata kifuani mpaka mkokoteni wa kuibeba injini ulipofika.