Madirisha ya Upande wa Magharibi

Sikuomba ruhusa. Naliweka hilo mwanzoni kabisa, kwa sababu kila ninayemsimulia habari za darasa lile huniuliza kwanza nani aliniruhusu, kana kwamba ruhusa ndiyo iliyokuwa inakohoa.

Nilikuwa mwalimu kijana wa kike, mzaliwa wa Pito, hukohuko Ufipa, nimepangiwa shule ya kijiji kipya cha ujamaa kando ya barabara ya kwenda Namanyere. Watu walikuwa wameletwa pale kutoka vitongoji vilivyotawanyika, nyumba zao za zamani wakaziacha mahame, na kitu cha kwanza walichoambiwa wajenge ni shule. Walijenga kwa moyo, hilo siwanyimi. Walifyatua matofali, wakayachoma kwenye tanuri lililokula miti yote ya kilima cha nyuma, wakaezeka bati. Mchoro uliletwa na Bwana Maendeleo wa wilaya. Madirisha yote manne ya kila darasa yalitazama barabara, yaani mashariki, na ukuta wa nyuma haukuwa hata na tundu la panya. Sababu aliitoa mwenyewe mkutanoni: viongozi wakipita na gari wawaone watoto wakisoma, wajue kijiji kimeendelea.

Sasa, mtu yeyote aliyelelewa Ufipa anajua upepo wa Juni unatokea wapi. Unatokea mashariki, unavuka nyika isiyo na mti wa kuuzuia, na unaingia mpaka kwenye mifupa. Mfipa hajengi hata banda la kuku likautazama. Lakini Wafipa wale wale, wenye akili zao timamu, waliijenga shule nzima ikiuchekea upepo, kwa sababu mchoro ulikuwa na muhuri. Kila mmoja aliona kosa, na kila mmoja alidhani mwenye muhuri anajua jambo ambalo yeye halijui. Nimewahi kuwacheka kwa hilo, halafu nikakumbuka kwamba hata mimi nilifundisha mle msimu mzima nikiwa nimefunga mdomo.

Madirisha yalikuwa na mbao za kufungia, zenye nyufa za kupitisha kidole. Baridi ilipokuja tuliyaziba kwa magunia. Darasa likawa giza, ubao hausomeki kuanzia dawati la tatu. Watoto, pekupeku na sare nyepesi, wakaanza kuja na makopo ya moto: magunzi ya mahindi na vinyesi vikavu vya ng'ombe. Moshi haukuwa na pa kutokea. Nilifundisha hesabu nikilia machozi, na watoto walikohoa kwa zamu, huyu akimaliza yule anapokea. Jioni nguo zangu zilinuka kama za mtu aliyeshinda akikausha samaki.

Alikuwapo msichana mmoja wa darasa la nne, mwepesi wa hesabu kuliko wote niliowahi kuwafundisha hadi siku ile. Alikohoa kuliko wenzake wote pia. Ilifika mahali anasimama kujibu, kifua kinambana, anaandika jibu ubaoni badala ya kulisema. Wiki moja hakuonekana, ya pili hakuonekana. Nikamfuata nyumbani. Mama yake nilimkuta akikandika ukuta wa jiko kwa mkono mtupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Kama umemfuata mtoto, utarudi kama ulivyokuja. Hapa kwangu hakohoi. Shuleni anakohoa. Mimi sikusoma, lakini hiyo hesabu naiweza."

Nilianza kumweleza kuhusu elimu na taifa. Aliniacha nimalize, akanawa tope mikononi, akasema, "Ile nyumba yenu mmeifungulia upepo mlango, halafu mtoto wangu ndiye aufunge kwa kifua chake?"

Niliondoka nimekasirika, na njiani hasira ikageuka aibu, kwa sababu hesabu yake ilikuwa sahihi. Nilichokijua ni kwamba mtoto asipoonekana hadi mwisho wa mwaka wa masomo jina lake linafutwa, na msichana akishafutwa jina, mwaka haupiti hajaposwa. Nilimtaka arudi darasani. Nasema hivyo bila kupamba: nilimtaka yule mmoja zaidi ya nilivyolitaka taifa zima.

Mwalimu mkuu, mtu mzima, mpole, mwenye kuogopa karatasi, aliniambia jengo ni mali ya umma, haliguswi bila kibali. Tukaandika barua. Tukasubiri. Watoto wakaendelea kukohoa huku barua ikitembea kutoka meza hadi meza, ikiwa inatembea. Mwezi ulipoisha nikarudi kwa yule mama.

"Nikiyahamishia madirisha upande wa pili, utamrudisha?"

"Nitamleta mwenyewe kwa mkono. Lakini utayahamisha na nani?"

"Na wanakijiji."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Wanakijiji gani? Wale wa daftari? Mwalimu, mtu wa daftari akishaitwa jina anatafuta kivuli. Kama unataka kazi, niachie mimi nipike pombe."

Alikuwa anasema kweli. Siku za kazi ya kijiji katibu wa kijiji aliita majina kutoka daftarini, watu wakaitika, wakaegemea majembe. Lakini Ufipa, mtu akiwa na kazi kubwa kuliko mikono yake, hupika pombe ya ulezi na kuwaalika majirani. Anayekuja amekuja kwa hiari yake, na anaona haya kunywa kabla hajatokwa na jasho. Tatizo ni kwamba pombe saa za kazi ilikuwa imepigwa marufuku, na mwalimu kuonekana karibu na chungu lilikuwa kosa kubwa. Nilimwambia apike.

Tulingoja likizo, mwalimu mkuu alipokwenda Sumbawanga kufuata madaftari. Alfajiri walikuja wanawake kumi na wawili, na nyuma yao waume zao watatu walioona haya kubaki nyumbani. Yule mama ndiye aliyeongoza. Hatukuchoma tofali hata moja. Kilima kilikuwa kimeshanyolewa vya kutosha. Walifyatua matofali mabichi kwa udongo wa palepale, wakayaanika hadi yakakauka. Boriti za kubebea ukuta juu ya madirisha walizitoa kwenye mahame yao, kwenye nyumba walizoamriwa kuziacha, na walizibeba kichwani wakiimba kwa Kifipa nyimbo ambazo Bwana Maendeleo asingezipenda. Tulitoboa ukuta wa magharibi wa darasa langu sehemu moja baada ya nyingine, polepole, boriti ikikaa kabla hatujaendelea. Fremu za mashariki tukazing'oa, tukazihamishia huko. Mapengo ya mashariki tukayaziba kwa matofali mabichi, tukaacha vitundu vidogo chini ya bati ili hewa nzito ipate njia. Mwisho wakasiriba ndani kwa udongo mweupe. Nami nilisiriba, kucha zikaniisha, na nikanywa kata moja kama wenzangu. Hilo nalo sikuliombea ruhusa.

Shule ilipofunguliwa mwalimu mkuu alizunguka darasani akiupapasa ukuta mpya. Upepo ulikuwa unavuma nje, tunausikia, na ndani chaki haikupeperuka. "Utaniponza, binti," aliniambia. Lakini alikaa kufundisha humo vipindi viwili ambavyo havikuwa vyake.

Siku tano baadaye Landrova ya Bwana Maendeleo ilipita, ikasimama, ikarudi kinyumenyume. Kutoka barabarani darasa langu lilionekana kama ghala.

"Nani ameifanya shule iipe barabara mgongo?"

"Mimi, ndugu."

"Kwa kibali cha nani?"

"Hakuna."

Nadhani alitarajia nilie. Nilimkaribisha aingie aone mwanga ulivyo. Hakuingia. Aliamuru Jumatatu asubuhi wanakijiji wote waje na sululu, ukuta wa mashariki uvunjwe na mchoro ufuatwe, na mimi niandike barua ya kujieleza. Niliandika usiku huohuo, mistari miwili: dirisha nimelihamisha kwa ajili ya anayesoma ndani, si kwa ajili ya anayepita nje; na likirudishwa nitalihamisha tena.

Jumatatu walikuja wote, na sululu walikuja nazo. Katibu aliita majina, wakaitika. Ndipo yule mama, aliyekuwa akingoja udongo wa kuta ukauke, akatokea amemshika binti yake mkono kama alivyoahidi, sare imefuliwa. Hakumsalimia mtu. Alipita katikati ya sululu zile, akaingia darasani, akamkalisha binti kwenye dawati lililogusana na ukuta wa mashariki, kisha akatoka akasimama mlangoni. Wanawake wengine wakawasukuma ndani watoto wao, wakajaa hadi kwenye dawati hilohilo, mabega yakigusa matofali mabichi.

"Watoe watoto nje," Bwana Maendeleo aliniambia.

"Haiwezekani, ndugu. Ni kipindi cha hesabu."

Niliingia, nikafunga mlango, nikaandika ubaoni hesabu ya kugawanya. Nje nilimsikia akiwaamuru wavunje. Nilimsikia akiwaamuru tena. Hakuna sululu iliyoinuka. Yule binti alinyoosha kidole, akasimama, akalisema jibu kwa sauti, lote, bila kukata pumzi, na lilikuwa sahihi.

Barua yangu ya uhamisho ilifika kabla ya mvua. Ilinipeleka mbali, bondeni, na ilisema nahamishwa kwa manufaa ya umma. Niliisomea palepale nje ya darasa. Umma wenyewe ulikuwa ndani, unasoma kwa sauti, na hakuna aliyekuwa anakohoa.