Injini ya Ndege ya Nzige

Ndege yenyewe ilikuwa imelala pembeni mwa uwanja wa ndege wa Isiolo, upande wa mtaa wa Kiwanjani, tangu nikiwa darasa la pili. Ilikuwa ya kunyunyizia nzige dawa. Ilivunjika gurudumu ikitua, wenyewe wakaja kuitazama mara mbili, kisha wakaiacha. Mbuzi walijikinga jua chini ya bawa lake. Watoto walimaliza vioo, watu wazima wakamaliza viti. Injini haikuguswa kwa sababu hakuna aliyejua ingefaa kwa kazi gani nyingine.

Aliyeitamani ni adeer. Ndivyo sisi Wasomali tunavyomwita ndugu wa baba, naye huwaita watoto wa ndugu yake vivyo hivyo. Alikuwa na malori matatu na gereji nyuma ya nyumba yake. Babu yetu alikuja Isiolo akiwa askari wa Waingereza, na adeer bado alitembea mjini kama mtu anayekagua gwaride.

Wazazi wangu walikufa katika mwaka mmoja, baba kwa lori lililopinduka, mama kwa homa miezi minne baadaye. Nilikuwa darasa la sita. Niliacha shule siku ya Ijumaa, na Jumamosi nilikuwa gereji ya adeer nikiosha vyuma kwa mafuta taa. Nyuma yangu kulikuwa na dada wawili na mvulana aliyekuwa hajaanza kutembea. Adeer alitupa chumba kimoja karibu na mapipa ya dizeli. Akitukuta tumezunguka sinia moja tukila, alikuwa akisema, "Hii ni familia ama ni kambi?"

Miaka sita ikapita hivyo. Nikawa fundi bila mtu kutangaza kwamba nimekuwa fundi.

Kila mwaka, siku ya maonyesho, matrekta yalishindana kuvuta mzigo pale uwanjani. Mshindi alikuwa ni yule yule, mkulima wa ngano kutoka Timau, mtu mnene mwenye kofia ya sufu hata wakati wa jua kali. Mwaka mmoja, mwishoni mwa miaka ya sabini, alimwambia adeer mbele ya watu kwenye kituo cha petroli, "Mzee, nyinyi mambo ya magurudumu wachieni sisi. Rudini kwa ngamia." Watu walicheka. Adeer pia alicheka, lakini alikuja nyumbani akampiga teke mbwa wa jirani.

Wiki ile ile tuliletewa spea kutoka Nairobi zikiwa zimefungwa kwa kurasa za gazeti la kizungu. Ukurasa mmoja ulikuwa na picha ya mtambo wenye magurudumu makubwa ya trekta nyuma na injini za ndege mbele, ukivuta mzigo kwenye matope huku Wazungu wakishangilia. Adeer aliikunjua karatasi hiyo juu ya bonati, akaitazama mpaka chai yake ikapoa.

Ndipo akaniita. Alinieleza mambo mawili kwa pumzi moja, kana kwamba ni jambo moja. La kwanza, tungeing'oa injini ya ile ndege ikavute mzigo siku ya maonyesho. La pili, alikuwa amechoka kulisha kambi. Shangazi yetu wa Kinna alimtaka mkubwa wa dada zangu akamsaidie shambani na kwa watoto. Dereva mmoja wa Moyale alimtaka wa pili kwa kazi za nyumba. Mvulana angepelekwa Garissa kwa watu nisiowajua.

"Adeer, usitutenganishe," nilisema. "Kata chakula changu mimi."

"Chakula chako ni kidogo, hakitoshi kukatwa." Alionyesha uwanjani kwa kidole. "Ile kitu ikivuta mpaka mwisho, wabaki wote. Ikikwama, kila mtu na njia yake. Wallahi nimesema."

Hakuwa mtu wa kuvunja kiapo. Hilo ndilo lililonitia hofu, na ndilo lililonitia nguvu.

Tuliiburuta injini kwa lori mpaka gereji. Ilikuwa na silinda tisa zilizopangwa duara, kama watu wanaoota moto. Tuliifunga mbele ya fremu ya trekta kuukuu, tukaiunganisha na klachi na giabokisi ya lori. Bila panga la mbele linaloirusha ndege, injini haikuwa na upepo wa kuipoza, kwa hiyo ilichemka baada ya dakika nne. Oili nayo ilishuka na kujaa katika silinda za chini kila iliposimama. Ukiiwasha bila kuimwaga, inavunja vyuma vyake yenyewe. Nilijifunza kufungua plagi za chini na kuizungusha kwa mkono, taratibu, mpaka oili iishe kudondoka. Niliijua injini ile kuliko nilivyowajua watu.

Mzigo wa mashindano ulikuwa bamba kubwa la chuma lenye reli mbili chini, tulilokuwa tukiliita kitanda. Kilianza na magunia ya mawe. Kando ya njia kulikuwa na mapipa kumi yaliyopakwa chokaa, hatua kumi kutoka pipa hadi pipa, na kwenye kila pipa watu watano walisubiri. Kitanda kikipita, walipanda bila kukisimamisha. Ndivyo mzigo ulivyozidi kadiri mtambo ulivyosonga. Mawe hayawezi kujipakia yenyewe, lakini watu wanaweza.

Miaka mingine waliopanda walikuwa vijana wa mjini, kwa mzaha. Mwaka ule ulikuwa wa ukame. Watu waliopoteza mifugo walikuwa wamejaa mjini, na adeer alitangaza kwamba atakayepanda atakula pilau. Walikuja wengi kuliko waliohitajika, ikabidi wachaguliwe. Walipimwa kwenye mizani ya ng'ombe, wakipita mmoja mmoja kati ya vyuma, na kilo zao zikaandikwa mgongoni kwa ile rangi ya buluu ya kuwekea kondoo alama. Kanuni ilikuwa kila upande umchagulie mwenzake uzito. Mkulima wa Timau ndiye aliyechagua wa kwetu.

Alimfinya mzee mmoja mkono. "Huyu ndani kuna nini? Upepo?"

"Chagua, acha kununua," adeer alimwambia. "Hawa si ng'ombe wa mnada."

"Ng'ombe wa mnada wangekuwa wamenona! Isiolo mwaka huu hakuna nyama, kuna hanga tu ya kutundika nguo."

Uwanja mzima uliangua kicheko. Nami nilicheka. Nilikuwa nimesimama karibu na adeer, na nilitaka anione nikicheka.

Katika foleni alikuwemo mama mmoja wa mtaa wa Chechelesi aliyekuwa akiuza maziwa. Mama yangu alipokufa, kwa miaka miwili alituachia kibuyu mlangoni kila asubuhi, na nikijaribu kumsemesha juu yake alikuwa akipunga mkono na kwenda zake. Ng'ombe wake wote walikuwa wamekufa. Mizani ilisema kilo arobaini na moja. Mkulima alisema, "Huyu weka pipa la nane, trekta isijisikie vibaya." Walimwandika mgongoni, juu ya shuka.

Alipopita karibu nami alisimama. "Mtoto wangu, hiyo kitu inaenda pole pole?"

"Pole pole, mama. Kama punda."

Niliujua mwendo wake vizuri. Haukuwa wa punda.

Trekta la Timau lilivuta kwanza. Lilifika pipa la saba, magurudumu yakachimba, likazama mpaka ekseli. Mkulima alishuka akipiga makofi mwenyewe, kwa maana saba ilikuwa imemtosha miaka yote. Kisha zamu yetu ikafika. Nilimwaga oili, nikaizungusha injini kwa mkono, nikapanda kitini. Shangazi wa Kinna alikuwa amesimama mbele ya watu, na kando ya miguu yake kulikuwa na bunda la nguo za dada yangu, limefungwa tayari. Hakuwa amengoja hata kujua matokeo.

Injini iliwaka kwa mlipuko, ikatoa moshi mweupe, halafu moto kwenye mabomba. Akina mama waliziba masikio ya watoto badala ya yao. Niliachia klachi na mtambo ukaruka mbele kama mnyama aliyechomwa. Pipa la kwanza, la pili, la tatu. Nilihisi kitanda kikizidi uzito nyuma yangu, watu watano, watu watano. Pipa la sita magurudumu yalianza kuteleza, nikaongeza mafuta, yakashika. Saba. Watu walikuwa wakipiga kelele, lakini niliona midomo tu.

Kwenye pipa la nane niligeuka kutazama nyororo iliyovuta kitanda. Ilikuwa kazi yangu kuitazama, kwa sababu ikienda upande inakatika. Nyororo ilikuwa sawa. Nilimwona mama wa maziwa. Alikuwa amekosa kukanyaga bamba, shuka yake imenaswa, na mguu wake ulikuwa chini ya reli. Kitanda kilikuwa kikimvuta. Mmoja wa waliokuwa juu alikuwa amemshika mkono, akipunga mkono mwingine kunielekea.

Swichi ya kuzimia injini ilikuwa kando ya goti langu. Ni kidole kimoja tu. Zilibaki hatua ishirini.

Alikuwa ananitazama. Hakuwa analia, alikuwa amefungua macho sana, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Nilimtazama kwa muda ambao mpaka leo siwezi kuupima. Kisha niligeuka mbele, nikasukuma wenzo wa mafuta mpaka mwisho.

Tisa. Kumi. Nikazima.

Walimbeba adeer mabegani. Wanaume wengine walikuwa wakikiinua kitanda kwa mitaimbo, na vumbi lilipotua watu wa karibu waliacha kushangilia, lakini wa mbali waliendelea. Adeer alinijia akiwa na jasho na furaha. Alitazama kule nyuma, akanitazama mimi.

"Hukuona," alisema. "Moshi ulikuwa mwingi."

"Moshi," nilisema.

Shangazi alilifungua bunda pale pale, akanirudishia nguo za dada yangu moja moja, rinda, kitambaa cha kichwa, ndala, kama mtu anayerudisha kitu kibovu dukani. Kisha alikwenda kutafuta gari la Kinna. Jioni adeer alichinja mbuzi wawili. Waliopanda kitanda walikula pilau wakiwa na namba zao mgongoni, kwa sababu rangi ile haikutoka kwa maji.

Hospitali walimkata mama wa maziwa mguu juu kidogo ya kifundo. Mjini hakuna aliyenilaumu. Kila mtu alisema dereva haoni nyuma, na wengine walinipa pole.

Alipotoka hospitali nilianza kwenda kwake Chechelesi kila Ijumaa baada ya swala, nikiwa na nyama. Aliipokea. Tulizungumza juu ya mvua, juu ya bei ya mahindi, juu ya paa lake. Wiki nyingi zilipita hivyo. Siku moja alikuwa akipaka samli kwenye kigutu chake, na bila kuinua kichwa akasema:

"Wanasema ilikuwa na moshi mingi."

"Wanasema."

"Mimi sikuona moshi."

Nilikuwa na jibu la adeer tayari mdomoni. Nililimeza. "Nilikuona, mama. Ningezima, watoto wangetawanywa. Adeer alikuwa ameapa."

Aliendelea kupaka samli, taratibu, mpaka kigutu kikang'aa. Akafunika mkebe.

"Wako wote?"

"Wako wote."

"Na ile ndogo anasoma?"

"Anasoma."

"Basi vizuri." Alisukuma nyama kwangu kwa mkongojo, ikiwa bado kwenye karatasi. "Sasa chukua hii kitu yako, na usikuje tena hapa."

Niliichukua. Nyumbani dada yangu aliipika na viazi, na tukala sote wanne kwenye sinia moja.