Mafuta ya Nazi kwenye Ngozi ya Mpira

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliyoambiwa neno la kweli likanidhuru. Huja kichwani kila nikuonapo umemshika mwanasesere wa mtu. Weka hiyo brashi kwanza, nikuhadithie. Rangi ikikauka utachanganya nyingine.

Jana nilikuwa hapa barazani nikichambua mchicha, nikakusikia ukimwambia yule mama wa Makadara aliyekuletea mwanasesere umtengeneze, "Nyinyi wenyewe ndio mnaowaharibu." Ulisema kweli. Mwanasesere wake alikuwa amesuguliwa kwa mafuta ya taa, na harufu niliisikia nikiwa hapa nilipo. Lakini nyuma ya buibui la yule mama alikuwako binti mdogo, na wewe hukumwona.

Vita vikubwa vilikuwa vimekwisha karibuni, nami ni msichana wa Mji wa Kale, hata meno ya mbele hayajaota tena. Baba alifanya kazi bandarini, na baharia mmoja akamuuzia mwanasesere ambaye sisi hatujapata kuona mfano wake. Tuliowazoea walikuwa wa vitambaa, tukiwashona wenyewe na kuwajaza sufi. Huyu ngozi yake ilikuwa ya mpira mwembamba. Ukimbonyeza shavu linaingia ndani, ukimwachia linarudi. Nyusi na midomo ilichorwa kwa rangi. Nilimwita Zena.

Siku hizohizo mama alijifungua mdogo wangu, Salimu. Kila asubuhi mkunga alimkanda kwa mafuta ya nazi na kumpaka wanja kama ilivyo desturi yetu, nami nikikaa kando na Zena wangu nikimfanyia yaleyale. Siku moja mama aliniruhusu nimpake Salimu mafuta miguuni. Nilifurahi mno. Usiku wake mtoto akashikwa na homa, na hakufikisha siku arubaini.

Baada ya maziko watu wazima walishughulika na mambo yao. Mimi niliendelea kumkanda Zena, kwa sababu sikujua jambo jingine la kufanya. Sasa, mpira na mafuta havipatani, hilo unalijua vizuri kuliko mimi. Ngozi ikaanza kunata, makwapa yakageuka meusi, shingo ikapasuka, na wanja ukazama shavuni ukawa doa. Baba aliponiona nalia akanishika mkono tukaenda mtaa wa Bondeni kwa Fundi Yusufu.

Fundi Yusufu alikuwa Mhindi mwembamba, mzaliwa wa Mombasa, aliyetengeneza miavuli, cherehani na kila kilichovunjika. Mtu mwema, ila maneno yake yalikuwa makavu. Baba alibaki mlangoni akisalimiana na mtu anayemjua. Fundi akamchukua Zena, akamnusa.

"Wampaka mafuta huyu?"

"Ndiyo, fundi."

"Basi mafuta ndiyo yaliyomuua. Ungalimwacha alivyo, angalikuwa mzima hata leo."

Akageuka kutafuta kopo lake la poda. Kwake yeye maneno yalikuwa yamekwisha. Alikuwa akizungumza habari ya mpira, lakini mimi nilimsikia akimtaja Salimu.

Tangu siku ile sikutaka mafuta karibu nami. Mama akileta kibakuli cha mafuta anisuke nywele, nakimbia. Alinifinya, akaniita mkaidi, nami nikavumilia. Niliamini kwamba nimemuua ndugu yangu kwa mikono yangu, na kwamba mama akijua hatanitaka tena. Mwanangu, mtoto anaweza kubeba mzigo kama huo ndani ya nyumba iliyojaa watu wanaompenda, na kila mtu akadhani ni utundu tu.

Tulipokwenda na baba kumchukua Zena, fundi alikuwa amefanya kazi safi. Alimfuta kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, akamkausha kivulini, akampaka poda, akaipangusa na kumpaka tena mpaka kunata kukaisha. Mpasuko wa shingo aliuziba kwa ndani kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Nyusi alizichora upya kwa brashi ya nywele chache, wala hakuzizidisha. Doa la shavuni aliliacha, kwa kuwa kulisugua kungaliitoboa ngozi.

"Maji kidogo na poda, basi," akaniambia. "Juani usimweke. Na mafuta hapana kabisa."

Nikamuuliza, "Na mtoto wa mtu je, fundi? Salimu nilimpaka mimi, miguuni."

Mkono wa baba ulikaza juu ya bega langu. Fundi akamweka Zena mezani. Akamwita mkewe aliyekuwa nyuma ya duka, amletee mafuta ya nazi. Akakunja mkono wa shati.

"Njoo, nipake."

"Sitaki. Utakufa."

"Mafuta haya nimepakwa tangu kuzaliwa kwangu, na huyu babako pia. Ngozi ya mtu yayapenda mafuta, mpira ndio usioyapenda. Salimu amechukuliwa na homa, mwanangu. Si wewe. Mimi nilisema vibaya, nisamehe."

Bado sikutaka, naye hakubishana nami. Alikichovya kidole changu katika mafuta, akakiweka juu ya mkono wake, nami nikampaka huku nalia.

"Haya," akasema, "kesho njoo unitazame kama ni mzima."

Baba alinibeba mpaka nyumbani ingawa nilikuwa mkubwa mno kubebwa, na njiani ndipo nilipomsikia kwa mara ya kwanza akimlilia mwanawe.

Kesho yake, kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani, nilikimbia Bondeni. "Fundi, u mzima?"

"Mzima, alhamdulillahi. Na mkono umelainika." Akaunyosha tena.

Nilikwenda asubuhi nyingi hivyo, nikihakikisha. Hakuwahi kunicheka wala kunifukuza, hata duka likiwa na watu. Ndizo asubuhi nilizojifunzia poda, kiraka na brashi, kazi niliyokufundisha na unayoiringia leo. Kisha ikafika siku mama alipoleta kibakuli, nami nikaenda mwenyewe kukaa kati ya magoti yake. Alinisuka polepole kuliko kawaida.

Basi nasaha yangu ni hii. Mtu akikuletea kitu alichokiharibu, muulize kwanza alikuwa akikitunzaje, na umwache amalize. Wengi huharibu kwa kupenda. Kisha mfundishe: ngozi hii haitaki mafuta, yataka maji, poda na kivuli. Hayo ni maneno ya kazi, yaseme yote. Lakini usimwambie mtu kuwa yeye ndiye aliyeua, kwa sababu hujui ni nani mwingine anayemfikiria wakati huo. Na ukiona ulimi umekuteleza, omba radhi palepale, hata kama aliye mbele yako hafiki meza yako kwa kimo.

Yule mama akija leo kuchukua mwanasesere wake, mwite binti atoke nyuma ya buibui. Mtilie poda kiganjani, ampake mwenyewe.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, aulainishe ulimi wako, na akujaalie watoto wenye afya, utakaowapaka mafuta ya nazi mpaka wakuchoke na kukukimbia.