Gari Lililowaka Kwangu Tu

Sijui kama ni mimi wa kuandika habari hii, maana kosa lilikuwa langu. Shule niliishia darasa la saba. Umeme wa magari nimejifunza kwa kuuliza.

Mama mmoja muuza mitumba hapa Busia, upande wetu wa Uganda, alikuwa na gari kuukuu lililokataa kuwaka. Starta inazunguka, taa ya ufunguo inapepesa, injini haishiki. Taa ile ikipepesa, ujue kinga ya wizi ya kiwandani haijautambua ufunguo. Kichwani mwa ufunguo mna chipu ndogo kama punje ya mchele. Waya uliozungushwa kwenye tundu la ufunguo huisoma, ndipo injini iruhusiwe.

Nikiwasha mimi, linawaka. Akirudi nalo nyumbani, linamgomea, naitwa tena. Mara tatu kwa siku mbili.

"Fundi, hii gari inapenda wewe," aliniambia. "Si uoe tu."

Kabla ya hapo lilikuwa limetengenezwa na fundi mmoja wa Tororo. Nikasema, bila kupima, huenda alibadilisha boksi la kinga akaweka bovu. Mama aliiacha "huenda" yangu palepale, akaondoka na "alibadilisha". Akamwita yule fundi kwa mwenyekiti wa mtaa, kesho yake saa nane mchana, ajibu wizi. Shahidi, mimi.

Asubuhi ile sikutulia. Kwa nini kwangu tu? Nilimwomba mama awashe mwenyewe, nami nikatazama mikono yake badala ya gari. Akatoa funguo zake zote, zimefungwa pamoja. Likagoma. Mimi nikipokea ufunguo wa mteja huuchomoa peke yake na kumrudishia zilizobaki, nisije nikaulizwa mambo ya stoo yake.

"Mama, huu mwingine mkubwa?"

"Ya gari ya Kenya. Nilinunua juzijuzi."

Wafanyabiashara wa hapa ndivyo walivyo: gari moja kila upande, geti la mpaka wanavuka kwa miguu. Chipu mbili zilikuwa zinajibu kwa pamoja, na kinga haikuelewa hata moja. Nilizitenga, likawaka. Nikazifunga tena, likagoma. Nilirudia mara sita, nakiri nikiona raha, kabla sijakumbuka saa nane.

Kwa mwenyekiti niliomba kusema kwanza. Nikaeleza kwamba wizi sikuuona, nilikisia tu. Fundi wa Tororo, mtu mzima kunizidi, aliomba zile funguo, akatoka nje kujaribu mwenyewe. Akarudi anatikisa kichwa.

"Hii hata mimi sikujua," alisema. "Lakini ndugu yangu, Tororo wameshasikia mimi ni mwizi. Hapa umesema. Na huko?"

Mama, ambaye tangu aingie alikuwa ametazama chini, alichomoa ufunguo wa Kenya na kuutia mkobani.

"Mbele kaa wewe, mzee," alimwambia. "Huyu akae nyuma."

Njia nzima ya Tororo nilikuwa nayapanga maneno ya kusema mbele ya gereji ya mzee, na yote niliyoyapanga yalianza na "huenda".