Domina na Sufuria ya Makande

Mwalimu Costancia alikuwa mfupi, mwepesi wa hasira, na kijiji kizima cha Zombo kilimjua kwa mlio wa baiskeli yake. Mimi ndiye niliyekuwa mpishi wa shule miaka ile tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa. Yaliyotokea kwenye sufuria yangu sikuhadithiwa.

Shule ilikuwa na shamba la mahindi. Kila asubuhi Mwalimu Mkuu Cleopa aliwafundisha watoto kwamba anayekula bila kulima ni kupe, mnyonyaji wa wenzake. Sawa, siasa ndiyo ilikuwa hiyo. Lakini jamani, darasa la tatu alikuwemo Domina, mguu mmoja umepooza, anatembelea fimbo. Jembe angelishikaje? Watoto nao somo wakalishika barabara. Akija na bakuli lake wanamzingira: "Kupe! Kupe!" Siku moja wakamnyang'anya fimbo, akatambaa mpaka jikoni kwangu. Nilitamani kuwamwagia uji wa moto.

Costancia akawachapa viboko. Wapi! Jioni walimvizia Domina njiani, wakamsukumia mtaroni. Kesho yake hakuja shule.

Costancia akamfuata Cleopa ofisini, sauti nikaisikia mpaka jikoni.

"Neno hilo umewapa wewe, Mwalimu Mkuu. Wewe ndiye wa kuwanyang'anya."

"Unataka chama kiseme napinga siasa?"

"Basi nitasema mimi."

Asubuhi akasimama mbele ya gwaride. "Ndugu yako akiugua, nyumbani ananyimwa ugali?" Akapanga zamu ya kumsindikiza Domina njiani, wakaanza walewale waliomsukuma. Kisha akapanda baiskeli kwenda kwao Domina. Mama mtu alikataa kumrudisha shule, akalia, mwisho akakubali. Akasema tu kwamba siku hizi mtoto hata nyumbani hali vizuri.

Domina akarudi amebebwa nyuma ya baiskeli. Mchana watoto wakampisha njia, hakuna aliyemwita kupe. Nikampakulia makande mpaka bakuli likafurika. Nilifurahi mno, msinicheke.

Akaliangalia bakuli, hakuligusa. Costancia akachuchumaa mbele yake.

"Kula, mwanangu. Hakuna wa kukusema tena."

"Sijalima, Mwalimu."

Akalisogeza bakuli kwa mtoto aliyekaa pembeni yake, yule aliyetoka shambani na jembe.