Mbwa Asiye na Kazi

Fundi cherehani huyu, ambaye mtaani na hata kwake nyumbani aliitwa Fundi tu, hakuwa mwepesi wa kuahidi. Nguo ya Ijumaa alisema itakuwa tayari Jumatatu, asije akaumbuka. Kwa hiyo siku alipomwambia shemeji yake, tena mbele ya mumewe, kwamba wataleta mbwa, aliyeshangaa kuliko wote ni yeye mwenyewe. Maisha yake yote hakuwahi kufuga hata kuku.

Chanzo kilikuwa mwizi. Mama mkwe wake, ambaye masikio yalianza kufifia taratibu na sasa yalikuwa yamefunga duka kabisa, alikuwa amekaa sebuleni mchana akikunja nguo, mgongo ameupa mlango. Mwizi akaingia, akapita nyuma yake, akachukua redio na pasi, akatoka zake bila haraka. Mlango aliurudishia, maana hata wezi wengine wamelelewa. Mama mkwe alijua ameibiwa alipoitafuta pasi.

Shemeji, mtoto wa kwanza wa bibi huyu, alikuja jioni hiyohiyo akiwa ameshaamua. Yeye alikaa ghorofani upande wa pili wa jiji, nyuma ya geti lenye walinzi. Alisema mama atahamia kwake, na aliyasema hayo kama mtu anayehamisha kabati. Fundi aliijua nyumba ile. Aliwahi kupeleka mapazia akakuta kila mtu amejifungia chumbani na simu yake, sebuleni hakuna hata wa kumwambia karibu. Mama mkwe angewekewa kiti dirishani atazame magari mpaka siku yake ifike.

"Shemeji, Mama haendi popote," Fundi akasema.

"Na mchana nani anakaa naye? Wewe uko dukani, ndugu yangu yuko gereji, mtoto yuko shule."

"Tutaleta mbwa. Atakuwa masikio yake."

Shemeji alicheka kwanza, kisha akaona mwenzake hacheki. Basi akatoa sharti: mtu mwingine akiingia nyumba hii mama asijue, mabegi yafungwe na pasiwe na mjadala. Fundi akakubali.

Usidhani walikuwa mkwe na mama mkwe wa kupigiwa mfano. Walikuwa wamegombania chumvi ya mboga tangu siku ya kwanza. Lakini Fundi alipoolewa hajui hata kushona pindo likanyooka, ni bibi huyu aliyemwachia cherehani yake mwenyewe na kumfundisha kola mpaka macho yakauma. Na mimba yake ya kwanza ilipoharibika, ni bibi huyu aliyetandika mkeka chini, kando ya kitanda chake, akalala hapo usiku baada ya usiku bila kusema neno la kumfariji, kwa sababu neno lenyewe halikuwepo. Fundi alimpenda. Hakuwahi kumwambia, na sasa hata angemwambia asingesikia.

Waliongea kwa vifaa vya kazi. Fundi alikuwa na kipande cha kitambaa cheusi cha suti na chaki ya kuchorea nguo. Aliandika, mama mkwe akasoma, wakapangusa kwa kiganja. Majibu ya mama mkwe yalikuja kwa mdomo, na kwa kuwa hakujua tena sauti yake ina ukubwa gani, mambo ya nyumba ile majirani waliyajua yote. Tangu siku ya mwizi kitambaa kile kilikuwa kikali. "Usifungue mlango." "Usiwashe jiko." "Nguo nitakunja mimi." Na kila asubuhi, kabla ya kwenda dukani, Fundi alimalizia na neno alilodhani ni zuri kuliko yote: "Pumzika."

Kikao cha mbwa kilifanyika mezani baada ya chakula. Mume, makanika ambaye oili haikutoka kwenye kucha zake hata Jumapili, alisema yeye hutoka alfajiri hurudi jioni, asitegemewe kumtembeza mtu yeyote, awe na miguu miwili au minne. Binti yao alisema ana mitihani. Fundi naye alikuwa na magauni ya harusi mpaka yalikuwa yananing'inia bafuni. Kwa hiyo mbwa wao asitake kuogeshwa, asitake kutembezwa, asimwage manyoya, asitafune viatu, na asile kupita kiasi.

"Kwa nini tusinunue picha ya mbwa?" mume akauliza.

Fundi akamwambia akili ni nywele, na yeye kipara kimeshaanza. Mama mkwe alikaa palepale katikati yao, akitazama mdomo huu na mdomo ule, kitambaa cheusi kikiwa mbele yake mezani. Hakuna aliyekiandikia kitu usiku ule.

Daktari wa mifugo, ambaye makoti yake meupe hushonwa na Fundi, alikuwa na mabanda ya mbwa walioachwa na wenyewe. Fundi alifika kwake na kile kitambaa mkononi. Alichagua mbwa kama anavyochagua jora dukani: alimshika, akapapasa manyoya kinyume na yanakolalia, kisha akampangusa kwa kitambaa cheusi na kukitazama kwenye mwanga. Mbwa mrefu wa masikio yaliyosimama aliacha kitambaa hakifai. Mwingine mdogo, wa manyoya ya kusokota yenye rangi ya maziwa machafu, hakuacha hata unywele mmoja, na Fundi akaanza kutabasamu. Ndipo akagundua kwamba mdogo huyo ana ncha ya futi yake ya kupimia mdomoni na anaivuta kwa nguvu zote.

Daktari alimweleza kwamba aina hiyo haipukutiki, ni kweli, lakini yale manyoya yasipochanwa kila siku hugandamana mpaka yakavuta ngozi. Tena ni mbwa asiyetulia, kila kinachotikisika lazima akatoe taarifa. Wenyewe wa kwanza walimrudisha, na wa pili vilevile.

"Nani atamchana?" Fundi akauliza, akavuta futi yake, akapita.

Alimchagua mbwa wa kahawia wa manyoya mafupi, mnene kidogo, aliyelala wakati wote huo wa kelele. Aliacha vinywele vichache tu kitambaani. Hakuruka, hakulamba, hakudai. Daktari alimuuliza kama ana uhakika, Fundi akajibu kwamba huyo ndiye hasa, mbwa asiye na kazi.

Na kweli hakuwa na kazi. Alilala chini ya meza, akaamka kula, akalala chini ya kiti. Nyumba nzima ilimsifu kwa utulivu wake, na mume akaanza kumwita Mstaafu. Fundi alijaribu kugonga mlango kwa nguvu akijifanya mgeni. Mstaafu alifungua jicho moja, akalifunga. Fundi alijiambia kwamba labda ameitambua harufu yake. Mtu akiamua kuamini jambo, hakosi sababu.

Kisha akaja msoma mita ya maji. Aligonga, akagonga tena, akasukuma mlango, akamruka Mstaafu pale kizingitini na kuingia hadi jikoni kwenye mita. Mama mkwe aligeuka akakuta mwanamume mgeni amesimama nyuma yake na tochi. Alipiga ukelele, bakuli likamponyoka, akateleza na kuanguka chini. Nyonga ilipona, ila kiwiko kilivimba. Mbwa, alisema yule msoma mita baadaye kwa masikitiko, alisogea kidogo ili asimwagikiwe.

Fundi mwenyewe alimpigia shemeji simu. Angeweza kunyamaza, lakini sharti alilikubali kwa mdomo wake. Shemeji hakumcheka safari hii, na hilo lilimuuma zaidi. Alisema atakuja Jumapili na gari.

"Njoo," Fundi akamjibu. "Lakini Jumapili bado haijafika."

Asubuhi ya pili alifunga duka, magauni ya harusi yakangoja, akamrudisha Mstaafu. Alimchukua na mama mkwe, maana sasa hakuthubutu kumwacha peke yake. Alimkalisha kwenye kibao uani kwa daktari, akamwandikia "Pumzika hapa," akaingia ofisini kubembeleza apewe mbwa mwingine, mwenye masikio lakini asiye na usumbufu. Daktari alimwambia mbwa wa namna hiyo hajazaliwa. Fundi alishindana naye kwa muda mrefu, akaahidi hata makoti ya bure, kama vile daktari alikuwa amemficha mbwa huyo kabatini.

Waliposhtuka, kelele za mabandani zilikuwa zimekoma. Walitoka uani. Mama mkwe alikuwa amemfungulia yule mdogo wa manyoya ya kusokota, amempakata mapajani, na chanuo lake la kichwani likiwa mkononi. Alikuwa anafungua fundo moja baada ya jingine kwa ncha za vidole, vilevile alivyomfundisha Fundi kufungua uzi uliojisokota bila kuukata. Mbwa alikuwa ameacha kupiga kelele. Alitulia, ila kila gari lilipopita barabarani aligeuza kichwa, na mama mkwe naye akageuza chake.

Fundi alichuchumaa mbele yake, akaandika: "Mama, huyu ana kazi nyingi."

Mama mkwe akasoma. Kisha akasema kwa ile sauti yake isiyojua mipaka, uani kote na nje ya uzio wakasikia:

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu hupewa jembe. Mimi niko kwa mwanangu, na jembe nililokuwa nalo mmeninyang'anya. Jiko mmechukua. Mlango mmechukua. Nguo mmechukua. Sasa mnatafuta mbwa asiye na kazi. Wa nini? Nyumbani si nipo mimi?"

Fundi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Wiki zote hizo alikuwa anatafuta mbwa wa watu wasio na nafasi, na katika nyumba nzima mwenye nafasi alikuwa mmoja, aliyekaa mezani katikati yao, na hakuulizwa. Alipangusa kitambaa kwa gauni lake. Akaandika neno moja, "Nisamehe," na mama mkwe akalisoma, akalipangusa, akaomba ashikiwe mguu wa mbwa maana kwapani ndiko kubaya zaidi.

Mume alimwita Kero kabla mbwa hajamaliza kuingia ndani, na jina likakaa. Alitafuna ndala moja ya binti, na akakojolea kasha la vifungo. Lakini mtu akigusa mlango, Kero alikimbia, akauma upindo wa gauni la mama mkwe na kumvuta hadi mlangoni. Kifuniko cha sufuria kikianza kurukaruka, alimvuta jikoni. Maana jiko lilikuwa limerudishwa, na nguo za kukunja pia. Fundi alitoka asubuhi bila kuandika chochote, na siku ya kwanza vidole vilimwasha dukani, akatamani kurudi kuchungulia. Alijizuia, akashona.

Jumapili shemeji alikuja. Fundi alisimama jikoni na mumewe, akamkataza asitoke. Walisikia mlango unagongwa, walisikia kucha za Kero sakafuni, kisha wakamwona mama mkwe akipita ameshikwa gauni, chanuo mkononi. Alichungulia dirishani, akamtambua mwanawe, akafungua mlango mwenyewe.

Shemeji alimkumbatia. Alitazama kiwiko kilichovimba, akatazama mbwa aliyekuwa ananusa kamba za viatu vyake. Kisha akachukua kitambaa cheusi mezani, akaandika kwa herufi kubwa na nzuri, "Mama, twende nyumbani," akampa.

Mama mkwe alikisoma kitambaa polepole. Alikipangusa kwa kiganja hadi kikabaki cheusi. Akaketi, akampakata Kero, akatafuta fundo nyuma ya sikio mahali alipokuwa ameachia, na ndipo akainua uso kumtazama mwanawe.

"Nani atamchana?"

Shemeji alishika chaki. Alimtazama ndugu yake, akamtazama Fundi, akatazama kitambaa. Kisha chaki akairudisha mezani, akavuta kiti na kumshikia mama yake ule mguu wa mbwa.